Mtu Mzima wa Kuolewa

Mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi sikuweza kukaa kitako. Nilikuwa nimerudi Mkunya kutoka Masasi kwa shangazi yangu, nilikosoma na baadaye kumsaidia kwenye mgahawa wake karibu na stendi. Huko nilizoea kelele: wanunuzi wapya wa korosho wakibishana bei, redio za maduka zikishindana. Nyumbani kulikuwa na vumbi, foleni ya maji na mama. Nilihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia, hadi mama akaniambia nikae, nisije nikachimba shimo uani kwa nyayo.

Nilichokuwa nakisubiri ni kujiandikisha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilishaamua kura yangu naipeleka chama kipya. Mama alikuwa wa chama cha zamani, damu na mfupa. Tulibishana tukila, tukabishana tukiosha vyombo, na asubuhi tukaanzia pale pale.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha nilipofika shuleni, maana siku zote za mwanzo mama alinitafutia kazi shambani. Ndani ya darasa alikaa karani, mgeni katika wilaya yetu, na pembeni yake mawakala wa vyama. Mmoja wao, wa chama cha zamani, alikuwa jirani yetu. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba mwanangu, vizuri tu. Ilipofika zamu yangu akainua mkono, akasema huyu hajafikisha umri. Eti nimechezwa unyago pamoja na binti yake, na binti yake bado yuko darasa la saba.

Kuhusu unyago hakusema uongo. Kwetu wakati ule watu hawakuulizana miaka, waliulizana umechezwa na nani. Mliotoka unyagoni pamoja ni rika moja hadi kaburini, na hakuna anayekwenda kuchungulia nyuma ya hapo. Kwa kipimo hicho hicho jirani yetu alisharudisha vijana wawili waliochelewa kutiwa jandoni. Walikuwa nje, wameegemea ukuta, wana ndevu.

Nikasogea mezani kwake. Nikamuuliza, "Baba, kama nimeshachezwa, si nimekuwa mtu mzima?"

"Wa kuolewa, ndiyo," akanijibu kwa upole. "Wa kura, bado."

Darasa zima likacheka, hata karani akatabasamu. Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho, na sijui nani Mkunya alikuwa nacho. Karani akasema mzazi wangu akija kunitolea ushahidi kabla hawajafunga, ataniandika. Nilitoka mbio.

Mama alikuwa shambani. Alishamaliza kupulizia mikorosho na sasa alisafisha mashine ya kuazima, kanga imefungwa puani, nyusi za njano kwa unga wa salfa. Nilipomweleza aliendelea kufuta mashine. Alijua vizuri ninachomwomba.

Mimi nilivunja ungo Masasi. Shangazi alikuwa mtu wa kanisa, mambo ya unyago hakutaka kuyasikia, na nilipoletwa nyumbani kuchezwa nilikuwa msichana mkubwa tayari. Kwetu ilikuwa aibu binti kuvunja ungo kabla ya kuchezwa, na aibu hiyo haikumpata binti, ilimpata mama yake: alikuwa wapi, alikuwa anafanya nini. Basi mama akanifunga mdomo, akanichanganya na watoto wadogo. Mwili wangu ulikuwa mdogo, hakuna aliyeuliza. Tulijua sisi wawili na kungwi. Sasa kusema mbele za watu kwamba nina miaka kumi na tisa ilikuwa ni kueleza kwa nini nilichezwa na vitoto.

Alikataa. "Kura ni ya siku moja," akasema. "Midomo ya watu ni ya maisha."

Nililia kwa hasira. Nilizunguka mkorosho mmoja kama nimefungwa kamba, jua linashuka, nikamwambia karani atafunga, mawakala watacheka, na jirani yetu kashatangaza kwamba mimi ni mtu mzima wa kuolewa, wa kura bado. Nilisema tu ili nisikae kimya. Mama akaacha kitambaa.

Akataka nirudie. Nikarudia.

Yeye mwenyewe aliozwa mwaka ule ule aliotoka unyagoni. Hilo nililijua siku zote na sikuwahi kulifikiria. Akafungua kanga puani, uso hakunawa, akatangulia. Nilizoea kumwambia mama aongeze mwendo. Siku hiyo nilimfuata nikikimbia.

Darasani aliwasalimu wote, akakataa kiti.

"Mwanangu alivunja ungo Masasi, mimi sipo," akasema. "Nikamficha, nikamtia unyagoni na watoto. Miaka kumi na tisa anayo, nimemzaa mimi. Mwandikeni."

Safari hii hakucheka mtu. Mwanamke mmoja dirishani alijifunika mdomo kwa kanga. Jirani yetu alitazama sakafu, na karani akaandika. Nilidhani tutaondoka, lakini mama alibaki amesimama, akamwambia karani awaite na mama wa wale wawili wa ukutani. Mmoja alifika akihema, mwanawe akaandikwa. Wa pili alikuwa bondeni kuteka maji. Karani alimsubiri kidogo, kisha akafunga vitu vyake, na yule kijana akabaki ameegemea ukuta wake.

Njiani wanawake waliozoea kupiga soga na mama walimwamkia kwa mkato na kupita. Aliwaitikia wote. Nilitaka kumshukuru, lakini miguu ikawa inanikimbiza mbele kisha inanirudisha kwake. Mwisho nikaropoka jambo lililokuwa likinichoma: nikamwuliza kama anakumbuka kura yenyewe nitampa nani.

"Nakumbuka," akasema. "Yako itaiua yangu." Akajipangusa salfa kwenye nyusi kwa ncha ya kanga. "Iiue sandukuni. Siyo wewe uuliwe mlangoni, kabla hujaipiga."