Mkeka wa Nyuma ya Mlango

Ilianza Jumanne, saa nne na robo asubuhi, shule zikiwa zimefungwa. Afisa wa watoto alipanda ngazi za makao yetu ya watoto, hapa Mji wa Kale, akaingia bweni la wasichana na daftari lake. Bweni lilinuka dawa ya sakafu. Magodoro yalikuwa mapya, yametolewa stoo jana yake, na Mama, ndivyo tunavyomwita msimamizi, alikuwa ameshatugawia vitanda.

"Kila mtoto asimame penye kitanda chake," afisa akasema.

Tukasimama. Mdogo wangu, ana miaka sita, akakitazama kitanda alichoonyeshwa jana. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akavuta mkeka, akautandika sakafuni, akasimama juu yake, mikono nyuma, vile tulivyofundishwa kusimama mbele ya wageni.

Yeye hukojoa kitandani. Amekuwa akilala hapo mkekani tangu mfungo wa Ramadhani.

Wasichana wakacheka. "Kikojozi kajitangaza mwenyewe!" mmoja akasema chini kwa chini.

Mama naye akacheka. "Ah, huyu! Mchezo hauishi. Hebu ondoka hapo, mwanangu, mgeni atatushangaa."

Afisa hakucheka. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye dadake? Analala wapi?"

Mama alikuwa ameshaniambia jikoni: nikisema neno, mdogo wangu atapelekwa makao mengine, huko bara, nami nibaki. Hatuna mtu mwingine. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Anacheza tu," nikasema.

Afisa akaandika. Sijui aliandika nini. Mdogo wangu alinitazama, wala hakulia. Akaukunja mkeka vizuri, akaurudisha mahali pake.

Jioni magodoro yalirudi stoo. Nilingoja nisikie uchungu, sikusikia kitu. Wali wangu niliumaliza wote, nikaosha na sahani. Mdogo wangu alikuwa ameshatandika mkeka wake.

"Dada, kwani nilikosea?"

"La. Hukukosea."

"Mbona walicheka?"

Nikamwambia alale.

Asubuhi yake nilitumwa mikate. Nikalipita duka, nikaenda na kikapu changu mpaka ofisini kwa yule afisa. Nilimkuta ndiyo kwanza anafungua mlango.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mapema hivi, mwanangu?"

"Hakuwa akicheza," nikasema.

Hakunisikia. Nikarudia kwa sauti.