Senene Sita Kabla ya Krismasi

Nilipokuwa mtoto nilikula senene sita jikoni kwetu Buganguzi, mchana kweupe, na mpaka leo sijatubu.

Kwa msomaji aliyekulia mbali, nieleze kwanza. Senene ni wale panzi wa kijani wanaotushukia na mvua za Novemba na Desemba, na kwetu Wahaya Krismasi bila senene haijafika, hata kanisa lijae vipi. Enzi zile za Mwingereza, wanawake na wasichana tuliwaokota alfajiri kule rweya, kwenye nyasi zilizo nje ya vibanja vya migomba, wakati bado wamezubaa kwa umande. Tuliwanyonyoa mabawa na miguu, tukawaosha, tukawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na kuwatia chumvi. Kisha wanaume wakala.

Sisi hatukula. Mwanamke akila senene, tuliambiwa, atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Sikupata kukutana na mtu aliyemwona mtoto wa namna hiyo, ila kila mtu alimjua mwingine aliyemwona.

Zawadi ya mke kwa mumewe siku ya Krismasi ilikuwa kikapu kidogo cha senene, alichokisuka kwa mikono yake, na mume naye alimpa mkewe nguo mpya. Mwaka uliotangulia huo ninaousimulia, Mawe, yaani mama yangu, aliwatia senene chumvi akaenda kuchota maji. Mimi nikaja, nikadhani bado, nikatia tena. Nani angegundua, na jikoni hakuna mwenye ruhusa ya kuonja? Tata, yaani baba yangu, akamweka mmoja mdomoni mbele ya wageni, akamtema. Wageni wakacheka. Tata hakugomba, alikisukuma tu kikapu pembeni, na Krismasi ile Mawe hakupata nguo.

Mwaka uliofuata nilikuwa na miaka kama tisa. Mawe alikuwa mjamzito, mzito wa kukaribia kujifungua, na alikuwa amesuka kikapu chenye kifuniko, kizuri kuliko vyote nilivyopata kumwona akisuka. Senene aliniachia mimi nikaange.

"Nitie chumvi kiasi gani?" nilimuuliza.

"Kadiria."

"Nitakadiriaje nisichokionja?"

Alinipa mgongo, akaenda kuketi kando ya ukuta. Nikaonja mmoja, chumvi haijafika. Nikaongeza, nikaonja wa pili, ikakaa sawasawa. Wale wanne waliofuata siwezi kuwasingizia chumvi. Niliwala kwa sababu walikuwa watamu, na kwa sababu nilikuwa na hasira ya mwaka mzima.

Bibi, mama yake Tata, alinikuta nikitafuna.

"Unakula nini?"

"Senene, Bibi."

"Tema."

"Nimeshameza."

Bibi akaketi palepale kwenye nyasi za sakafuni, uso umempauka. Akamgeukia Mawe. "Mwana wako ameharibika. Hakuna atakayemwoa. Lazima baba yake ajue."

Mawe alikuwa mpole kupita kiasi, mtu wa kumpigia mama mkwe magoti asubuhi na jioni. Siku hiyo alinyanyuka, mkono kiunoni, akaja mpaka kwenye chungu, akachukua senene mmoja na kumtafuna taratibu huku akimtazama Bibi usoni.

"Chumvi imetosha, waitu," alisema, kwa neno lilelile la heshima la kila siku. "Sasa mwambie Tata kwamba tumekula wawili."

"Na huyo aliye tumboni?"

"Naye amekula."

Bibi hakumwambia Tata. Krismasi ilipofika Tata alikimaliza kikapu pamoja na wageni wake, akakisifu, na Mawe akavaa kanga mpya kutoka dukani Kagoma. Lakini Bibi hakuacha kulitazama lile tumbo, nami ujasiri ulianza kunitoka. Nilimwomba Mungu kila nilipokumbuka, na nilikumbuka kila saa.

Januari Mawe alishikwa na uchungu, ukamtesa siku mbili. Mtoto alipotoka alikuwa wa kiume, na kichwa chake kilikuwa kirefu, kimechongoka utosini. Mkunga alimtazama Bibi. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Ni mimi," nilisema. "Ni wale senene."

Mawe alikuwa hoi, midomo imemkauka. "Njoo umsalimie ndugu yako," alisema. "Kichwa chake wewe kinakuhusu nini?"

Nilimngoja Bibi apige kelele. Badala yake aliomba maji ya moto na kitambaa, akampakata mtoto na kuanza kumkanda kichwa polepole, machozi yakimtiririka. Akafanya hivyo asubuhi na jioni. Siku ya tatu, nikiwa nimemshikia beseni, alianza kusema bila kunitazama. Alipokuwa msichana kwao Rubafu aliwahi kula senene kwa siri. Akaolewa, akazaa binti mwenye kichwa kama hiki, na binti yule hakumaliza juma. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua.

"Nilimuua kwa mdomo wangu," alisema. "Ndiyo maana nawakataza."

Leo najua, maana nimezaa watano, kwamba mtoto aliyekawia njiani hutoka na kichwa kilichobanwa, na kichwa hujirudi chenyewe. Bibi hakulijua hilo. Juma la pili lilipokwisha alimgeuza mtoto wetu Kamugisha huku na huku, akampapasa utosi. Kichwa kilikuwa cha mviringo.

"Kumbe hawakuwa senene," alisema.

"Hawakuwa senene, Mama," alijibu Mawe.

Bibi akamlaza mtoto, akatoka nje kwenye migomba. Tulimsikia akilia na kuliita jina, Kokugonza, ambalo nyumbani mwetu lilikuwa halijawahi kutajwa.

Watu huniambia miiko ya wazee ilikuwa na hekima yake. Mingine huenda. Huu siusamehe. Uliuchukua msiba wa mama na kuufanya kosa lake, akaubeba peke yake mpaka uzeeni, ili wanaume wasigawane kikapu na mtu. Ndiyo maana kila Desemba nakaanga nikiwa nimefungua mlango, na wa kwanza kuonja ni mimi, wageni wakiniona.

Mlango huo haukufunguliwa na mimi. Msimu uliofuata Bibi alikuja jikoni, akaketi karibu na moto, akanyoosha kiganja. Nikamhesabia senene sita. Mawe akataka kuufunga mlango, kwa maana Tata alikuwa uani.

"Uache," Bibi alisema, na akala wote.