Ndugu Yangu wa Ziwa

Unguja, mama alinyonyesha watoto wawili kwa wakati mmoja: mimi, na mtoto wa daktari wa Kiairishi aliyekuwa jirani yetu. Mke wa daktari alishikwa na homa baada ya kujifungua, maziwa yakamkauka, na mtoto akawa analia kutwa. Mama akavuka ua akamchukua. Miezi mitatu. Kwetu sisi hayo si msaada, ni uzazi. Yule akawa mwanawe, akawa ndugu yangu. Tangu tuhamie Ibra, huku Uarabuni, nimelisikia jina lake kuliko la kaka zangu.

Mwaka huu figo za mama zilipogoma, alitaka jambo moja tu. "Nitafutie mwanangu nimuone kabla sijafa. Khalas, sina haja nyengine." Tende alizoletewa kutoka Al Qabil akazifungia kabatini, za mgeni.

Nikaandika jina lake kwenye simu. Lo! Ukurasa mzima wa watu mashuhuri, wote wanaitwa hivyo hivyo, jina na ukoo: askofu, bondia, waziri, mwimbaji, na mmoja aliyenyongwa zama za zama. Hivi huko kwao majina yaliwaishia? Nikawaandikia walio hai, mmoja mmoja, kwa Kiingereza changu cha ualimu: samahani, ulinyonya kwa mama yangu? Wengi walinyamaza. Bondia alijibu kwa adabu kwamba yeye alinyonya kwa mama yake.

Jumatatu nikamfikia mtu wa mwisho, niliyekuwa nikimruka bila kumsoma kwa sababu kazi yake, kwa Kiingereza, sikuielewa. Daktari wa mifupa, mzaliwa wa Unguja. Mbele ya jina lake miaka miwili: wa kuzaliwa, ambao ni wangu pia, na wa kufa. Nilikaa kwenye ngazi za uani nikalia mpaka kwikwi ikanishika. Mgonjwa yule nitamwambia nini, mimi?

"Kajibu?" mama akauliza.

"Bado, mama. Ana shughuli nyingi."

Ujinga gani ule! Jumanne akauliza tena, akamwita mwenye kiburi. Jumatano akasema Wazungu hawana asante. Alhamisi hakuuliza. Alisukuma bakuli la uji, akakaa kitako, sijui nguvu kazitoa wapi.

"Nimemlea kwa kifua changu, leo hana hata salamu! Basi na wewe shuhudia. Wallahi, maziwa yangu si..."

Neno linalofuata nililijua. Mama akisema simhalalishii, mtoto hana pa kukimbilia, duniani wala akhera. Nikamziba mdomo kwa mkono wangu, mama yangu mzazi, astaghfirullah.

"Usiseme, mama! Kafa. Kafa mwaka juzi."

Aliutoa mkono wangu polepole.

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

Akajilaza, akageukia ukutani.

"Siku tatu," akasema, "umeniacha namtukana maiti wangu."