Mistari Niliyotaka Ing'ae

Leo fundi amemwagia maji chokaa uani kwangu, ikachemka, na harufu yake imenirudisha kwenye uwanja wa kambi ya mkonge, kabla timu yetu haijapanda ligi kuu na kuhamia mjini. Baba alivuta kamba ya katani, akanituma majivu ya kuchorea mistari. Niliona majivu hayatapendeza, nikachota chokaa ya kumwaga chooni. Mistari iling'aa.

Kipindi cha pili mvua ikanyesha. Mjomba, golikipa wetu, aliurukia mpira akaangukia uso mstarini.

“Macho yanaungua,” alilia.

Viongozi walipouliza, baba alijibu, “Nimechora mimi.”

Nikienda Mnyuzi kumwamkia mjomba, hunitambua kwa sauti.

“Marahaba, mjomba. Baba yako nilishamsamehe.”