Kufuli la Kaka Yangu

Kaka yangu ni fundi wa kutoguswa. Sisemi hivyo kwa kumsifu. Nimeishi naye lupango moja, kiwanja kimoja chenye ukuta, maisha yangu yote, hapa Makomeno, na sijawahi kumwona amesimama mahali ambapo jambo linaweza kumpata. Mgeni mwenye shida akibisha, yeye yuko bafuni. Gunia la unga likifika, mgongo wake unaanza kuuma kabla halijashushwa. Baba alikuwa akisema mtoto huyu atazikwa bila kovu hata moja, na kaka alikuwa akicheka, akidhani anasifiwa.

Baba alifariki mwaka jana. Alituachia nyumba, mparachichi, lango la chuma lisilofungika vizuri, na mama. Watu wa baba ni wa Kasenga, kule mtoni Luapula, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanamume akifa, mali yake inarudi kwa dada zake na watoto wa dada zake. Sheria ya serikali inasema vingine, kila mtu mjini anaijua, lakini sheria haiji kukaa kwenye kiti siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo wanakuja watu wa baba, wanakula, wanakunywa munkoyo wa mahindi, halafu mmoja wao anauliza mbele ya wote ni nani anayesimama kwa huyu mjane. Mtoto wa kiume aliye mkubwa anatakiwa ainuke, aende nyuma ya kiti cha mama yake, aweke mkono juu ya kiti. Basi. Hata kusema hasemi. Akisimama, maneno yanaanza upya, na mara nyingi wanaishia kuchukua redio na koti la marehemu tu. Asiposimama mtu, mama anaanza kufunga nguo zake.

Kwa hiyo kazi ya kaka yangu ilikuwa kusimama nyuma ya kiti. Mtu mwenye miguu miwili mizima angeiweza.

Miezi yote ya kungoja siku ile tulikuwa tukicheza. Jumapili baada ya kanisa tulikaa barazani, watu wanne, na mama hakutukataza kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Ni mchezo wa kusimuliana. Kila mmoja anajitungia mtu wake, anaandika kwenye karatasi nguvu zake na udhaifu wake, halafu kiongozi anawaambia mmefika wapi na mmekutana na nini. Wewe unasema unafanya nini, na dadu zinaamua kama umeweza. Kiongozi wetu ni mfanyabiashara wa kutoka Kivu Kaskazini, anauza maharagwe na vitunguu kwa jumla na ana malori barabarani. Alijifunza mchezo huu alipokuwa mwanafunzi, kabla hajaokoka, na sasa hawezi kuufungua bila sala. Anafumba macho, anamwomba Bwana abariki meza na wote walioizunguka, halafu anafumbua macho na kutuletea mazimwi. Wa nne alikuwa rafiki wa kaka, mchimbaji wa Kipushi, aliyekuja na pikipiki yake na kucheza mtu wa upanga. Mimi nilicheza mwanamke wa upinde.

Mezani watu wetu walikuwa vifuniko vya chupa na mazimwi yalikuwa punje za mahindi. Kaka alikikataa kifuniko. Alisema ni chepesi, upepo unaweza kukiangusha. Siku ya kwanza alikuja na kufuli jipya la shaba, kubwa, zito, akaligonga mezani mbele yake, akatuambia huyo ndiye mtu wake.

Kumtunga mtu huyo kulimlia mchana mzima, na kikokotoo mkononi. Kila mchezaji anapewa pointi sawa, anazitumia apendavyo. Yeye alinunua koti la chuma. Akanunua ngao pana kama mlango. Akanunua ngozi ngumu ya kuwekwa chini ya koti la chuma, eti koti likitoboka. Akanunua hirizi ya sumu, hirizi ya moto, na miguu isiyoteleza. Pointi zilipokwisha alianza kuuza. Aliuza mbio, kwani hakukusudia kumkimbilia mtu. Akauza macho ya mbali. Mwisho akauza mwito.

Mwito ni kitu ambacho mchezo unampa bure kila mbeba ngao. Anagonga ngao yake, anapiga kelele, na mazimwi yote yaliyo karibu yanalazimika kumgeukia yeye. Bila mwito zimwi linamchagua limtakaye. Kiongozi alimweleza hayo taratibu, kwa uvumilivu wa mtu aliyekaa sana kwenye vizuizi vya barabarani.

"Ndugu," alisema, "ngao iko ya batu beko nyuma yako."

"Minauzisha mwito," kaka akasema, macho kwenye kikokotoo. "Hakuna mutu atanigusa."

Akanunua kofia ya chuma.

Mama alipita na sahani ya karanga, akauliza kufuli linafanya nini kati ya vifuniko. Kaka akamjibu kwamba huyo ndiye mlinzi, anakaa mlangoni na hakipiti kitu. Mama aliridhika kabisa. Alisema ni vizuri, kila nyumba iwe na wa mlangoni, akamwongezea yeye karanga. Nilimwangalia kaka akizitafuna, nikaona haya kwa niaba yake, kwa kuwa yeye haya hana.

Jumapili nyingi hakukuwa na hatari ya maana, naye alivuma kama debe. Kisha kiongozi akatuingiza kwenye handaki chini ya ardhi. Mchimbaji wa Kipushi alisema handaki lile limejengwa vibaya, hakuna hewa, akatucheza shere kidogo. Mazimwi yakaja kutoka mbele. Kaka akalisukuma kufuli katikati ya njia, akaegemea kiti, akakunja mikono. Zimwi la kwanza likapiga ngao, dadu zikasema bure. La pili likapiga, bure. Halafu yakafanya jambo ambalo mwenye akili yeyote angelifanya: yakampita. Mazimwi si majinga. Ni nani anayepigana na ukuta wakati pembeni pamefungwa mbuzi? Punje za mahindi zilipita kulia na kushoto kwa kufuli, zikamfikia mtu wa upanga, zikamlaza. Mimi nilirudi nyuma nikitupa mishale hadi nyuma ikaisha. Nilipokufa kufuli lilikuwa palepale, linang'aa.

"Mbeba ngao anafanya nini?" kiongozi aliuliza.

Kaka alisema anajikinga. Halafu akacheka, akatupa methali aipendayo kuliko zote, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Aliisema kwetu sisi maiti wawili kana kwamba ameitunga yeye. Mchimbaji alichukua kofia yake ya pikipiki, akaaga kwa adabu, na hatukumwona tena mezani. Mimi nilimwambia kiongozi kwamba mahali pale tungeweka jiwe tu. Akanijibu kwamba jiwe lisingekula pointi.

Siku ya kuondoa matanga watu wa Kasenga walifika asubuhi na lori, wamebeba magunia ya samaki wakavu ambao harufu yao ilitangulia. Alikuwapo shangazi, dada mkubwa wa baba, na mwanawe mmoja mwenye tumbo la mtu anayekula kwa wengine. Mpwa huyo hakukaa. Alizunguka nyumba na mikono mgongoni, akatazama dari, akagonga ukuta wa sebule kwa kidole kilichokunjwa. Mama alikuwa bado na nguo nyeusi. Yule mpwa aliniuliza mimi, tena kwa upole, mita ya maji iko upande gani, na mimi nilimwambia imekufa pamoja na baba.

Kaka alikuwa amenyoosha shati. Alipokea wageni, alipanga viti, alimimina munkoyo kwa mikono miwili. Nakiri nilimwamini. Nilijisemea kumbe damu ya baba imo, ilikuwa imelala tu. Tulikula bukari, ugali wa huku, na wale samaki, nikatoa sahani, nikarudi na maji ya kunawa, na kiti chake kilikuwa kitupu. Nilitazama chumbani. Nilitazama bafuni, makazi yake ya kawaida. Lango letu bovu lilikuwa wazi kiasi cha upana wa mtu mmoja.

Shangazi alinawa, akapangusa mikono, akamgeukia mama. Alimwita mulamu, ndivyo mawifi wanavyoitana huku.

"Mulamu, bintu ya ndugu yetu inarudia kwetu. Nani anasimama kwako?"

Mama aligeuza kichwa kutazama kile kiti cha kaka. Aligeuka polepole, na uso wake ulikuwa tayari na furaha ndogo ya mtu anayekwenda kumwonyesha mwanawe kwa watu. Kugeuka kule sitamsamehe kaka. Mengine yote labda, nikizeeka na kuchoka, lakini si kule. Alikitazama kiti, akatazama lango, akarudisha kichwa chake na kuanza kuipanga mikunjo ya kitenge juu ya magoti.

Shangazi akacheka. Hakikuwa hata kicheko kibaya, ni kicheko cha mtu aliyekuja na nyundo akakuta mlango uko wazi. Basi kaka alikuwa amesema kweli, kwa mwoga huenda kicheko. Kilikuja hadi kwetu, na mama ndiye aliyekipokea.

Niliweka beseni chini. Nikaenda nyuma ya kiti cha mama, nikaweka mkono. Yule mpwa akasema mkono wa binti hauhesabiwi. Nikamwambia aje autoe. Alimtazama mama yake, akautazama mkono, akagundua kwamba dari ilihitaji kutazamwa tena.

Shangazi hakucheka sasa. Alisema hawezi kuamua mambo ya ukoo na msichana. Watarudi mvua zikiisha, wakati mwanamume wa nyumba hii amepatikana. Akisimama, watazungumza. Asiposimama, watakuja na lori tupu. Walichukua redio na koti, wakatuachia samaki.

Kaka alirudi jua likiwa bado juu, ananuka michopo, ile nyama ya mbuzi wanayochoma njia ya Kipushi. Hakuwa na aibu. Alikaa, akatueleza kwamba ilikuwa mbinu, kwamba amefikiri sana, na mimi kama kawaida sikuelewa.

"Kama mi siko, habawezi kuamua kintu," alisema. "Na muone, habakuamua."

Nilitamani mama ammwagie maji ya moto. Mama alimpakulia bukari. Yeye alikula, juu ya michopo, akasema samaki wa Kasenga ni watamu.

Jumapili iliyofuata kiongozi alikuja, akatusalimu, akasali. Aliombea nyumba, na aliiombea kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikajua habari zimemfikia. Mimi nilikuwa nimetunga mtu mpya. Kaka aliweka kufuli lake mezani. Kwa kuwa ndiye pekee aliyetoka hai kule handakini, mchezo ulimpa pointi za zawadi. Ndivyo ulivyo, haukutungwa na mtu mwenye haki. Kiongozi alimwambia kwamba zinatosha kuurudisha mwito, hata zinabaki. Alisema hivyo, kisha akamtazama. Mimi pia nilimtazama. Mama alikuwa amesimama mlangoni na karanga zake.

Kaka alichukua kikokotoo. Alibonyeza, alifuta, alibonyeza tena. Akasema atanunua ngao ya pili, ya mgongoni.

Mama alikuja akaweka sahani mezani. Alilitazama kufuli, akaliinua, akalipima uzito kwenye kiganja kama anavyopima kitunguu sokoni.

"Huyu wa ngao," alisema, "ufunguo yake iko wapi?"

Kaka alicheka. Mama hakucheka, akanyoosha mkono wa pili. Mwishowe kaka aliingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akampa. Mama alishuka ngazi za baraza, akavuka lupango hadi langoni, akauvuta ule mnyororo wa zamani ambao baba alikuwa akiufungia mbwa, akauzungusha mara mbili kwenye vyuma na kulitia kufuli. Alilivuta kuona kama limeshika. Lilikuwa limeshika vizuri, ni kufuli zuri. Akarudi akifunga ufunguo kwenye pindo la kitenge.

"Siku bale batarudia," alimwambia kaka, "hakuna mutu atatoka."

Kiongozi alisukuma donge la karatasi katikati ya meza liwe badala ya kufuli, na tukacheza. Sikumbuki tulicheza nini.

Sasa mvua zinapungua. Mama anabeba ufunguo huo hata kanisani, na kaka akitaka kwenda dukani anaomba. Nimemwona mara kadhaa akisimama chini ya mparachichi, anautazama ukuta. Baba aliujenga mwenyewe, akapanga juu yake vipande vya chupa kutoka pembe hadi pembe, na kaka yangu hana hata kovu moja.