Viti vya Jumuiya

Mkutano wa maafisa ugani wa kahawa niliuandaa kwa mbwembwe, utadhani marais wa dunia nzima wanashuka Mbinga. Viti tuliazima kwa jumuiya ya kanisani, kwa sharti kwamba msiba ukitokea vinarudi papo hapo. Kimoja nilikiweka mbele kwa ajili ya mwenzetu aliyelazwa hospitalini, aliyeapa kuja kutoa mada yake hata kwa machela.

Kabla ya chai mwenyekiti wa jumuiya akaingia kufuata viti.

"Shikamoo mzee! Huyo marehemu asingetusubiri kidogo tunywe chai?" nilimtania.

"Marahaba, bwana shamba. Ni mwenzenu, yule wa hospitalini."

Tulitoka na suti zetu, kila mtu kajitwika kiti. Mimi nilibeba viwili.