Pazia la Mzee Mbaluka

Mzee Mbaluka alipiga picha nusu ya watu wa Kitengela, lakini nyumbani kwake hakuwa na picha nzuri ya mkewe. Simsengenyi, hata yeye nilimwambia usoni. Mimi nauza mboga mlango wa pili, na ulimi wangu haujui kupumzika.

Enzi zile alifanyia kazi nje, kando ya barabara ya Namanga. Nyuma ya mteja alitundika pazia lililochorwa maporomoko ya maji, ili mtu wa Kajiado kukavu naye aonekane amesimama penye maji. Lakini upepo wa huku haumheshimu mtu. Ilibidi Munyiva, mkewe, ashike ukingo wa pazia lisipeperuke. Mumewe akitaka kumpiga hata picha moja, mama alikuwa mkali: "Filamu ni ya wateja. Mimi utaniona jioni."

Halafu simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha, naye Mbaluka akafunga kazi. Munyiva alipofariki mwaka jana, picha ya mazishi ilitolewa kwenye kitambulisho ikakuzwa. Mnazijua picha za kitambulisho: hata malaika angeonekana mshtakiwa. Mzee aliigeuza ikatazama ukuta.

"Mama Njogu," aliniambia, "huyu si yeye. Na mimi naanza kusahau uso wake."

Niliumia sana siku hiyo.

Sasa kuna vijana waliochoka na picha za simu, wanasaka kamera za filamu kama sisi tulivyosaka simu. Sandra wa ploti ya nyuma ni mmoja wao. Husafisha filamu kwa dawa bafuni kwake. Alikuja kuomba auziwe kamera. Mzee akakataa katakata, ila akampa mkebe wa filamu zake za zamani zilizokwisha kusafishwa, ajifunzie kuchapa picha.

"Ukingo wa picha ukate," alimwelekeza. "Mteja abaki na maji yake. Sisi tulifanya hivyo."

Sandra hakukata. Vijana hawa hupenda picha ibaki nzima, hata na mpaka wake mweusi.

Jumamosi alirudi na bahasha. Nilikuwa nakata sukuma wiki, nikaacha. Akazipanga picha mezani: bwana harusi, mama na mapacha, morani na redio mpya.

"Mzee, pole kwa kuuliza. Huyu mama ako kwa kila picha ni nani?"

Pembeni, pale mkasi wa Mbaluka ulipopita miaka yote, Munyiva amesimama ameshika pazia. Hapa bado msichana, pale ana mimba ya kitinda mimba, kwingine mvi zimeanza. Wateja wameikodolea kamera macho kwa woga. Yeye anamtazama mumewe, na karibu kila mara anacheka.

Mzee aliketi. "Kumbe nilimkata mwenyewe," akasema, akalia bila kujificha. Nami nililia, kisu mkononi.

Sandra akaingiwa na wasiwasi. "Nikukuzie moja? Naweza toa huyo morani, mama abaki peke yake."

"Apana. Usikate mtu tena."

Ndiyo maana sebuleni kwa Mbaluka kuna picha kubwa ya morani na redio. Wageni wakimuuliza huyo ni nani, hujibu kwamba hamjui, kisha huwaonyesha mke wake.